Uso wa Blythe: vumbi, mvuke na barakoa isiyotosha

Kampuni ya Kenner ya Marekani ilimtoa mwanasesere Blythe mwaka 1972 na kumwacha baada ya mwaka mmoja tu, kwa kuwa hakupata wanunuzi wa kutosha. Alikuwa na kichwa kikubwa kisicholingana na mwili, na macho yaliyobadilika rangi kila uzi wa kisogoni ulipovutwa. Mwaka 2000 mpigapicha Gina Garan alichapisha kitabu cha picha zake, mwaka uliofuata kampuni ya Takara ya Japani ikaanza kumtoa upya, na tangu hapo Blythe amekuwa mali ya watu wazima. Wengi wao hawamnunui wamweke kabatini alivyo. Wanafungua skrubu za kichwa, wanachonga upya midomo na pua, wanaondoa mng'ao wa plastiki kwa msasa, wanampaka mashavu kwa pasteli iliyosagwa, kisha wanapuliza vanishi isiyong'aa ili rangi ishike. Kazi hiyo hufanyika mezani nyumbani, aghalabu usiku, mikononi mwa mtu ambaye hakuwahi kufundishwa ufundi wa rangi wala wa plastiki. Ushauri wa usalama anaopewa huanza na barakoa, na mara nyingi huishia hapohapo. Kwangu mimi ushauri huo umeshikwa mkiani. Barakoa ni uamuzi wa mwisho. Wa kwanza ni kujua kila hatua ya kazi inaigeuza plastiki au rangi kuwa nini: vumbi, mvuke, au matone yanayoelea. Mapafu hukutana na umbo hilo, na jina lililoandikwa kwenye chupa haliyasaidii chochote.

Tuanze na uso wenyewe. Uso wa Blythe ni plastiki ngumu ya ABS, ileile inayotumika kutengeneza matofali ya Lego, na mtu anaweza kuishika maisha yake yote bila madhara. Ukiikwangua kwa kisu inatoa maganda makubwa yanayoanguka mezani, na hayo hayavutiki puani. Ukiipitishia msasa mkavu, hasa ule laini wa namba 600 kwenda juu, hali ni nyingine: chembe zinazotoka ni ndogo kiasi cha kubaki hewani muda mrefu, na zilizo chini ya mikrometa 10 hupita pua na koo zikashuka kifuani. Hapa jawabu la kwanza ni maji. Msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia wapiga rangi za magari, huchovywa kwenye bakuli lenye tone la sabuni, uso ukasuguliwa ukiwa umelowa, na vumbi likageuka tope jeupe linalobaki kwenye vidole. Hakuna cha kuchuja kwa sababu hakuna kilichoruka. Ila wengi husahau sehemu ya pili ya kazi hiyo. Tope likiachwa likauke juu ya kitambaa au ukingoni mwa bakuli, linarudi kuwa vumbi lilelile, na mkung'uto mmoja wa kitambaa kesho yake asubuhi unalipeleka hewani lote. Kwa hiyo meza hufutwa ingali mbichi, na kitambaa husuuzwa palepale.

Mashine ndogo ya kusaga inayozunguka kwa kasi huivuruga hesabu hii. Inarusha vumbi mbali, inaipasha plastiki moto hadi inaanza kunuka, na maji hayatumiki vizuri nayo. Anayeitumia kwa ajili ya kupanua matundu ya macho ndiye hasa anayehitaji barakoa ya vumbi na miwani ya kukinga macho. Anayesugua kwa mkono na maji hahitaji kujikinga kiasi hicho. Wote wawili wanafanya jambo linaloitwa kuchonga Blythe, lakini kifuani mwao yanatokea mambo tofauti.

Wanasesere wa viungo vya mpira wa kuvutika, wa aina iliyoenezwa na kampuni ya Volks ya Japani kuanzia mwaka 1999, huleta swali gumu zaidi kwa sababu wengi wao ni wa rezini ya poliyurethani. Rezini hiyo huzaliwa kwa kuchanganya vimiminika viwili, na kimojawapo kina isosianati. HSE, mamlaka ya Uingereza ya afya na usalama kazini, huzitaja isosianati miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishazikataa, kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kuamsha pumu. Kutokana na hilo baadhi ya watu hudai kwamba kila anayesugua mkono wa mwanasesere wa rezini anavuta isosianati. Hapo wanatia chumvi. Rezini iliyokauka sawasawa kiwandani imeshatumia karibu isosianati yake yote, na inayobaki kwa msuguaji ni shida ya vumbi laini, ambayo maji yanaimaliza kama yanavyoimaliza kwenye ABS. Hatari yenyewe iko kwa anayemimina rezini mwenyewe nyumbani ili atengeneze mkono uliopotea au uso wa ziada. Huyo anashika kimiminika kibichi. Rangi za magari za kuchanganya na kigumisho nazo zina isosianati, kwa hiyo fundi wa gereji Dar es Salaam au Mombasa na mpenda wanasesere wa Osaka wana adui mmoja, ingawa hawatakutana kamwe.

Hatua ya kufuta rangi ya kiwandani ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi kinga sahihi inavyoweza kuvaliwa kwa kazi isiyo yake. Kwa vichwa vya vinili, kama vya Monster High wa kampuni ya Mattel, wengi hutumia asetoni, dawa ya kuondolea rangi ya kucha. (Kwenye uso wa ABS haifai kabisa: inauyeyusha.) Mtu mwangalifu huvaa glovu nyembamba za nitraili, zile za bluu za hospitalini, kisha anafuta kwa utulivu akiamini amejikinga. Nitraili ni nzuri kwa mafuta na kwa kemikali nyingi, lakini asetoni huipenya katika dakika chache, na kwenye glovu nyembamba hata upesi zaidi. Kinachotokea baadaye ni kibaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu mkono mtupu huachia asetoni ipae ndani ya sekunde, hali glovu iliyopenywa huifungia kwenye ngozi. Mpira wa butili huizuia kwa saa nyingi, lakini ni glovu nene na hazifai kwa uso wa ukubwa wa yai. Njia inayobaki ni kubadili tendo: kipande kidogo cha pamba kishikwe kwa kibanio, asetoni iwe kidogo kwenye kichupa chenye kifuniko, na glovu ikilowa ivuliwe saa ileile.

Hapa namsikia mtu akisema kwamba asetoni si sumu kali, na kwamba tunakuza mambo. Amesema kweli kwa upande mmoja. OSHA, mamlaka ya Marekani ya usalama kazini, huruhusu kiwandani wastani wa sehemu 1,000 za asetoni katika kila sehemu milioni za hewa kwa zamu ya saa 8, na NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini, inapendekeza 250. Hivyo ni viwango vikubwa ukilinganisha na vimumunyisho vingine, na pamba moja ya asetoni haikaribii huko. Lakini asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata ikiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi, na mvuke wake ni mzito mara mbili ya hewa. Haupandi dirishani. Unashuka sakafuni na kutambaa hadi kwenye jiko la gesi, hita au mshumaa wa manukato chumba cha pili. Aliyeuliza kuhusu sumu amepata jibu la kumtuliza, na nyumba yake bado inaweza kuungua.

Vanishi ya kupuliza inaunganisha shida ya chembe na shida ya mvuke, na hapo ndipo barakoa ya kawaida inapomwangusha mtu. Kopo kama Mr. Super Clear, linalopendwa mno na wachora nyuso za wanasesere, hutoa kwa wakati mmoja matone ya vanishi na mvuke wa vimumunyisho. Barakoa ya N95 huzuia angalau asilimia 95 ya chembe za mikrometa 0.3, kwa hiyo matone itayakamata. Mvuke utapita ndani yake kana kwamba haipo. Na kwa kuwa matone yamezuiwa na kikohozi hakuna, mvaaji huamini kwamba yuko salama, akakaa hapo muda mrefu kuliko ambavyo angekaa bila barakoa. Mvuke hukamatwa na mkaa uliotayarishwa maalumu, ulio ndani ya vichujio vya barakoa ya mpira. Kwa mfumo wa Marekani kichujio cha mvuke wa aina hii huwa na alama nyeusi. Kwa mfumo wa Ulaya huwa ya kahawia na herufi A. Juu yake lazima kiwepo kichujio cha chembe, la sivyo matone nayo yatapita au yataziba mkaa. Barakoa hiyo haishiki juu ya ndevu, na mkaa wake unaendelea kunywa mvuke wa chumbani hata ikining'inia ukutani. Ndiyo maana vichujio huhifadhiwa kwenye mfuko uliofungwa, na hutupwa kwa kufuata muda wa matumizi. Kungoja pua iseme ni kuchelewa: pua huzoea harufu ndani ya dakika, na harufu ikishapenya kichujio, mkaa umeshakwisha kazi.

Hata hivyo sehemu kubwa ya mvuke hutoka baada ya kupuliza. Kichwa kilichopulizwa huendelea kutoa kimumunyisho kwa saa kadhaa, na wengi huvua barakoa wanapolitua kopo, wakakiingiza kichwa ndani kikaukie kando ya kitanda. Afadhali kipulizwe nje na kikaukie nje, ndani ya sanduku la kadibodi lililo wazi upande mmoja. Kizuizi kikubwa ni hali ya hewa: vanishi hizi huota ukungu mweupe zikipulizwa kwenye unyevu mwingi, na ndiyo sababu watu hukimbilia bafuni msimu wa mvua au wa theluji. Bafu ni chumba kidogo kupita vyote, na aghalabu huwa na unyevu mwingi. Anayengoja siku kavu analinda uso wa mwanasesere na kifua chake kwa uamuzi mmoja. Feni ya kawaida haifai kuwa tiba, kwa kuwa mota yake inaweza kutoa cheche katikati ya mvuke unaowaka.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kununua vitu visivyo na sumu, yaani vanishi ya maji na pasteli zenye lebo nzuri. Kubadilisha bidhaa ni hatua ya maana, na vanishi ya maji inayopakwa kwa brashi huondoa tatizo la mvuke kwa sehemu kubwa. Ikitiwa kwenye mashine ya kupulizia inakuwa matone tena, na hapo N95 inapata kazi yake halali. Lebo za pasteli zinahitaji jicho kali zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inataka vifaa vya sanaa vipimwe na mtaalamu wa sumu kuhusu madhara ya kudumu, kwa kuangalia matumizi ya kawaida na yanayoweza kutarajiwa. Mchora pasteli hutarajiwa kupitisha kijiti kwenye karatasi. Mrembeshaji wa wanasesere hukikwangua kwa wembe hadi kiwe unga, huinama karibu na uso mdogo kuliko kiganja, kisha hupuliza kwa mdomo unga uliozidi. Mpulizo huo mmoja unaweza kuwa na madhara zaidi kuliko dakika nyingi za kupaka, na hauna sababu, maana brashi laini au kitambaa chenye unyevu hufanya kazi ileile. Ushahidi kwamba tendo dogo la namna hii linaweza kuamua kila kitu ni wa zamani. Wanawake waliopaka namba za saa kwa rangi ya radiamu huko Orange, New Jersey, kuanzia mwaka 1917 walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Wengi waliugua, na watano kati yao walioishtaki kampuni walifikia suluhu nayo mwaka 1928. Kazi yenyewe iliendelea kwa miongo baadaye, lakini kwa walioajiriwa baada ya kulamba brashi kupigwa marufuku, saratani za mifupa zilizowapata wale wa kwanza karibu zilikoma. Rangi ilibaki ya radiamu. Kilichoondolewa ni mguso wa mdomo.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la kipimo: mpenda wanasesere hufanya vichwa viwili kwa mwezi, ilhali viwango vya kiwandani vimewekwa kwa ajili ya anayefanya kazi siku tano kwa wiki. Kwa vumbi la ABS na kwa asetoni naikubali hoja hii kwa kiasi kikubwa. Kwa isosianati haikubaliki, kwa sababu pumu yake haingoji jumla ya miaka. Tena kiwanda kina feni za kufyonza hewa na mfanyakazi huondoka jioni, ilhali chumba cha kulala hakina feni hiyo na mwenyewe analala humo. Na hobi hii ina tabia ya kugeuka biashara. Kichwa kilichochongwa vizuri kinauzwa kwa mamia ya dola, na aliyeanza na viwili kwa mwezi anajikuta na foleni ya wateja kabla hajabadili meza wala dirisha.

Kuna pia wanaoishi na msanii bila kuchagua lolote. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu usalama wa vitu vya kuchezea yaliviacha nje vitu vya wakusanyaji, mradi viandikwe kwamba ni vya walio na miaka 14 na kuendelea. Mwanasesere aliyesagwa, akapakwa pasteli na kupulizwa vanishi hakupimwa na yeyote kwa mdomo wa mtoto mdogo, hata kama plastiki yake ilipimwa alipotoka kiwandani. Mtoto wa nyumbani akimlilia, apewe mwingine ambaye bado ana uso wa kiwandani.