Vifo Visivyohesabiwa: Uhakiki wa The Man-Eaters of Tsavo

Katika The Man-Eaters of Tsavo (1907), J. H. Patterson anasimulia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda huko Tsavo mwaka 1898, na simba wawili waliowala wafanyakazi. Vibarua wa Kihindi waliouawa anawataja kuwa 28. Waafrika ni makumi tu, ambao hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Mtafiti haichukulii kauli hiyo kuwa takwimu pungufu. Ndiyo msingi wa usimulizi wenyewe: Mhindi aliletwa kwa mkataba, hivyo kifo chake kina hesabu, Mwafrika anabaki umati usio na sura. Hata Mhindi, ni kweli, husikika zaidi anapoogopa au anapoasi.

Karagwe na Kyerwa hazina reli hadi leo, lakini pengo hili linazigusa. Baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, kahawa na ngozi za Bukoba zilivushwa ziwani kuelekea Mombasa. Kabla ya meli, mzigo ulikuwa kichwani mwa mtu. Sura inayofuata inamtafuta mtu huyo katika fasihi simulizi ya Wanyambo.