Kuziba Uso au Kuvika Utando?

Katika baadhi ya tafsiri za maandishi juu ya betri za lithiamu, kazi ya kuboresha uso wa kathodi zenye nikeli nyingi huitwa "kuziba uso". Istilahi hii hatuikubali.

Katika kathodi ya aina ya NMC 811, tarakimu hizo zaonyesha uwiano wa nikeli, manganisi na kobalti: 8 kwa 1 kwa 1. Wingi wa nikeli huongeza umeme uwezao kuhifadhiwa. Lakini betri inapojaa, uso wa chembe za kathodi hupambana na elektroliti, na betri hudhoofika upesi. Kinga mojawapo ni tabaka la oksidi ya alumini, lenye unene wa nanometa chache tu. Tabaka hilo huitenga chembe na elektroliti, ila sharti liache ioni za lithiamu zipite.

Kilichozibwa hakipitishi kitu. Mwanafunzi atakayelishika neno hilo atalielewa jambo kinyume. Twapendekeza "kuvika utando", kwani utando hukinga na pia hupitisha, kama walimu wa baiolojia wafundishavyo juu ya utando wa seli. Neno tunalo, na tulitumie.