Mnanaa Haupondwi

Kuanzia Januari hadi mvua ya masika inapokaribia, jua la nyanda za Kajiado huwafanya wengi mjini Kitengela kutamani kinywaji baridi jioni, na kwa wanaotumia pombe jina la kwanza kutajwa ni dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu na kijiti kilichopakwa asali. Kinywaji hiki kilivuma kupitia Carnivore, mkahawa uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980, nacho ni ndugu wa caipirinha ya Brazili. Anayetaka kukiongezea mnanaa na matunda nyumbani hushawishika kutwanga vyote pamoja ndani ya gilasi moja. Hapo ndipo anapokiharibu, kwa kuwa kutwanga kunaifaa ndimu na kunaliumiza jani.

Ndimu huficha maji yake ndani ya nyama na mafuta yake ya kunukia ndani ya ganda, hivyo haitoi kitu bila kukandamizwa. Mnanaa ni kinyume chake. Mafuta yake yamo katika vifuko vidogo mno vilivyo juu ya ngozi ya jani, ndiyo maana kulipapasa tu hukuachia harufu mkononi. Ukilitwanga unapasua na chembe za ndani, na kinachotoka ni uchungu na ladha ya nyasi. Basi yapige majani manane kofi moja kati ya viganja, uyatumbukize katika mililita 45 za vodka au pombe ya miwa kama Kenya Cane, uyaache dakika tano, kisha uyatoe. Mafuta hayo huyeyuka vizuri zaidi katika pombe kuliko katika maji, kwa hiyo subira inafanya kazi ya mchi. Atakayepinga atasema Wacuba hukandamiza mnanaa katika mojito. Ni kweli, ila fundi wao huubonyeza kwa upole na jani hubaki zima. Blenda nayo ni ya haraka, lakini hulikatakata jani vipande vidogo kabisa, na uchungu wote huingia kwenye gilasi.

Tatizo la pili ni barafu, na hili ni la Kajiado hasa. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi na floridi, na kuyachemsha hakuiondoi floridi. Yale yenye magadi hupunguza pia ukali wa ndimu kadiri barafu inavyoyeyuka. Nafuu ni tikiti maji, ambalo hulimwa kwa umwagiliaji upande wa Loitokitok. Likate vipande, toa mbegu, gandisha usiku kucha, kisha litumie badala ya barafu. Likiyeyuka linaongeza tunda. Kwa kuwa tikiti halina uchachu, usipunguze ndimu: mililita 20 zinatosha, pamoja na kiasi hichohicho cha asali iliyolainishwa kwa maji safi ya moto na kuachwa ipoe, maana asali nzito hugandamana kwenye baridi.

Wasiokunywa pombe wana haki ya kuuliza mnanaa wao utayeyukia wapi. Uloweke ndani ya asali hiyo ingali vuguvugu, uuchuje baada ya robo saa, kisha ongeza ndimu, tikiti na soda ya maji. Harufu itakuwa pungufu kidogo, lakini kinywaji kitakuwa kimekamilika. Na yeyote atakayeshika usukani kwenye barabara ya Namanga usiku huo, mwandalie hiki.