Kinyago, Sanamu na Chapa: Maneno Matatu Yasiyopasa Kuchanganywa

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo kupita kiasi katika tafsiri zetu ni neno kinyago. Kila kilichochongwa katika mti huitwa kinyago, kiwe cha kuvaliwa, cha kutazamwa au cha kupigia chapa. Tunakusudia kuonyesha hasara ya desturi hiyo kwa mifano miwili ya kazi zinazoonyesha uzuri wa mwanamke: ya Wamakonde wa Newala na Masasi, na ya Wajapani.

Kwa Wamakonde, kinyago halisi ni kile kivaliwacho ngomani, hasa vijana watokapo jandoni na unyagoni. Wenyewe hukiita lipiko, na vikiwa vingi mapiko. Huchongwa katika mti mwepesi, kwa sababu mvaaji hana budi kucheza nacho. Kinyago cha mwanamke huwa na ndonya katika mdomo wa juu, na chale zake mara nyingi huumbwa kwa nta. Kipo pia kinyago cha kiwiliwili, chenye matiti na tumbo la mjamzito, ambacho mwanamume hujifunga kifuani. Kazi za mpingo zilizoenea kwa biashara katika karne ya 20 ni jambo jingine. Mama abebaye mtungi, aliyechongwa katika mti mzito kama huo, havaliwi wala hachezewi ngoma. Hiyo ni sanamu.

Sasa tutazame Japani. Kitagawa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806, alisifika kwa picha za wanawake warembo. Yeye alichora tu. Mchongaji aliubandika mchoro kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akaondoa mti kandokando ya mistari hata mistari ikabaki imeinuka. Ustadi wake ulipimwa kwa nywele za paji la uso, nyembamba mno, zilizochongwa mmoja mmoja. Kisha mpiga chapa alipaka rangi, akalaza karatasi, akaisugua kwa mkono. Tangu mwaka 1765 picha za rangi nyingi zilienea, zikihitaji mbao kadhaa kwa picha moja. Kazi iliyouzwa ilikuwa karatasi. Ubao ulikuwa chombo tu.

Mfasiri akiandika "vinyago vya warembo wa Kijapani", amekosa mara mbili. Kwanza, hakuna kilichovaliwa, na msomaji atadhani picha ile ni gogo. Pili, neno lenyewe hubeba kitisho. Tunasema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi, kwa kuwa twajua kwamba huwatisha wengine. Na aambiwaye ana uso wa kinyago hujua ametukanwa. Msomaji ataandaliwa kuona ubaya mahali palipokusudiwa uzuri.

Huenda tukajibiwa kwamba watumiaji ndio waamuzi wa lugha, na kwamba huko Mwenge, Dar es Salaam, soko zima huitwa la vinyago. Hatuna ugomvi na soko. Mnunuzi aona kwa macho anachokinunua. Msomaji wa kitabu cha shule au wa maelezo ya makumbusho hana ila neno. Tena mtoto wa Newala aliyeliona lipiko ngomani ataambiwa na kitabu kwamba ni kitu kimoja na mama wa mtungi, na hivyo tutakuwa tumefuta tofauti ambayo lugha ya nyumbani kwake imeitunza.

Kwa hiyo twapendekeza kinyago kiwe cha kuvaliwa. Sanamu iwe umbo la kutazamwa, ingawa baadhi ya waumini hulisikia neno hilo kama mungu wa uongo. Kibao cha chapa kiwe mti uliochongwa kwa kupigia. Na picha ya chapa iwe ile karatasi. Vivyo hivyo tutofautishe mchoraji, mchongaji na mpiga chapa. Maneno haya yote tunayo tayari. Kinachohitajika ni mfasiri kuuliza kwanza kazi ya kitu, ndipo akipe jina.