Kikasha cha Udi na Uraia wa Dunia

Uraia wa dunia ni neno jepesi ulimini, na watu wa pwani hulipenda kwa kudhani kwamba walikuwa nao kabla neno lenyewe halijatungwa. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, inalitia neno hilo mizanini.

Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anashuka Gatwick kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Mzigoni mwake mna kikasha cha udi. Ofisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anakifungua, ananusa, kisha anakitwaa. Udi huo, uitwao al-qamari, ambalo ni jina Gurnah analolinasibisha na Kambodia, ulifika kisiwani mikononi mwa Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain aliyekuja na msimu wa kaskazi. Umevuka bahari zote hizo bila kuulizwa kwao ni wapi. Anayeulizwa ni mwenye nao. Na muulizaji mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi wa Romania!

Wengi huishia hapo, nao huwa wamepata nusu tu. Uzito wa riwaya uko mbele, katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, Saleh anapokutana na Latif Mahmud, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu, ambaye baba yake ndiye mwenye jina lile la pasipoti. Baina yao pana deni, nyumba iliyopotea na ukoo uliovunjika. Chanzo kimojawapo ni Hussein yuleyule, aliyekaribishwa nyumbani kwa kina Latif, akaitwaa hati ya nyumba kuwa rehani na kumrubuni kijana wao. Gurnah basi hamwachi mpwani ajisifie jahazi na marashi peke yake: upepo uliouleta udi uliileta na tamaa, na wenyeji nao walikuwa na yao.

Sadfa ya kukutana kwao ni nzito, lakini inavumilika, kwani hawapatani kwa hotuba. Wanasimuliana, kila mmoja akiisahihisha hesabu ya mwenzake. Lisilovumilika sana ni kwamba Salha na Ruqiya, mke na binti wa Saleh waliokufa yeye akiwa kifungoni, hawana sauti katika hesabu hiyo.