Mkungu Uliogeuka Ukungu

Fungua Instagram, tafuta Lamu, kisha teremsha kidole. Ukishapita punda, majahazi na milango ya nakshi, utawafikia paka. Wako wa barazani, wako wa kwenye ngazi, wako wa sokoni wanaongoja matumbo ya samaki. Halafu yuko huyu ninayetaka tumzungumzie: paka aliyelala juu ya mti mkubwa, miguu inaning'inia pande mbili za tawi, macho nusu wazi, kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Ni picha poa. Mimi mwenyewe huipiga, tena sana, hadi simu yangu inalalamika imejaa. Lakini kadiri ninavyozitazama picha hizi ndivyo ninavyozidi kuuliza: mti umeenda wapi?

Tawi lipo, sikatai. Kuna kipande cha gome chini ya tumbo la paka, basi. Kilichobaki ni rangi ya kijani iliyokorogwa na vidoa vya mwanga vya mviringo, ambavyo watu wa kamera huvipenda kuliko paka mwenyewe. Mkungu umegeuka ukungu.

Sababu moja ni ya kiufundi, na siidharau. Simama chini ya mti saa saba mchana, elekeza kamera juu, uone. Mwanga wa mbingu unaopenya kwenye majani unaidanganya kamera. Inadhani mwanga umezidi, inaubana, na paka anatoka mweusi tii. Kwa hiyo mpiga picha anavuta lenzi, anamjaza paka kwenye fremu mpaka mbingu iishe, anafungua tundu la lenzi, na manyoya yanang'aa. Kwa simu ni rahisi zaidi. Unachagua ile hali ya kupigia watu sura, programu inaamua paka ndiye mtu, na vingine vyote ni takataka za kufifishwa. Wakati mwingine inafifisha hata sharubu. Ati hiyo ndiyo akili.

Sasa angalia kinachofutwa pamoja na majani. Chukua Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu, unaobeba jina la mti huo. Mkungu una tabia yake: matawi hayatoki ovyo, hutoka kwenye shina kwa ghorofa. Ghorofa moja hapa, nafasi, ghorofa nyingine juu yake, na kila moja karibu imelala sawa na ardhi. Kwa paka hizo ni rafu zilizotengenezwa tayari. Chini yake watu wameketi, punda wanapita, stori zinaendelea, na soko liko hapo kando ya ngome. Paka hakupanda kutafuta upweke. Amechukua ghorofa ya pili ya baraza hiyohiyo. Kivuli wanachotumia wote ni kimoja, upepo wa bahari ni mmoja, na harufu ya samaki inamfikia bila yeye kuinua kichwa.

Picha ikikata chini, hayo yote yanaenda. Tunabaki na mnyama wa fahari anayeelea mahali ambapo hapana mtu.

Ugonjwa huu haukuanza na simu, ingawa mzee mmoja aliyefanya kazi hii zamani hakuwa nao. John Tenniel ndiye aliyechora picha za hadithi ya Alice ya Lewis Carroll, iliyotoka mwaka 1865 (Kiswahili kiliipata mwaka 1940, kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu). Paka wa Cheshire yuko juu ya tawi, meno nje. Lakini Tenniel amemweka na mtoto chini, ameinua uso, na shina la mti likisimama kati yao. Umbali kutoka kwa mtoto hadi kwa paka ndio unaoleta utamu. Katika picha inayofuata paka anaanza kuyeyuka, mti unabaki. Sisi tumeigeuza kabisa hesabu hiyo. Paka anabaki mkali kama wembe, na vinavyoyeyuka ni mti na mtu.

Kwa Lamu hasa, kitabu kinachotajwa kila mara ni The Cats of Lamu cha Jack Couffer, cha mwaka 1998. Couffer hakuwa mtalii wa siku mbili. Alikuwa mpiga filamu wa kazi, na kamera yake katika Jonathan Livingston Seagull iliteuliwa kuwania Oscar. Nampa heshima yake: alijua kukaa. Aliwatazama paka kama jamii yenye mambo yake, na hilo kwenye picha za paka ni nadra. Lakini kilichosafiri kutoka kwenye kitabu hicho hadi midomoni mwa watu si ule uvumilivu. Ni dhana kwamba paka hawa wembamba, wa shingo ndefu na miguu mirefu, huenda ni masalia ya paka wa Misri ya kale, wale wa kwenye sanamu.

Na dhana ikishaingia kwenye jicho, msee, haitoki. Tangu hapo kila mtu anatafuta ubavu wa paka, shingo wima, masikio juu. Mti umekuwa kijiti cha kusimamishia sanamu. Akilala vibaya, tumbo nje, mdomo wazi, picha inafutwa kwa sababu Farao halali hivyo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2007, uliopima karibu paka 1,000, ulionyesha kwamba paka wa kufugwa duniani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu. Kwa hiyo kama ni ukoo wa kale, hata yule anayepindua pipa la taka la ploti yenu huko Umoja ana ukoo huohuo. Wacha tumpigie saluti.

Nina sababu ya kulishika jambo hili kwa nguvu. Mji wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, tayari una kazi ya kutosha kuwakumbusha wageni kwamba watu bado wanaishi ndani yake, wanalipa stima, wanagombana kuhusu maji. Ukimpa paka baba Mmisri unamnyima jirani. Unamfuta anayemrushia kichwa cha samaki, na anayemtupia kandambili akiiba. Unafuta hata mti, ambao una safari yake: kungu huelea majini, ndiyo maana mkungu umetapakaa kwenye fuo za Bahari ya Hindi, na mwarobaini ulioko kila ua wa pwani asili yake ni upande wa India. Vitu vilivyokuja kwa bahari vimekutana kwenye tawi moja. Hiyo ni stori kubwa kuliko ya Farao, na iko palepale, ukiacha tu kuvuta lenzi.

Ukishuka pwani hadi msitu wa Arabuko Sokoke, mambo yanachekesha zaidi. Huko ndiko alikotoka paka anayeitwa Sokoke. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba karibu na Watamu, alianza kufuga wawili waliozaliwa porini. Baadaye wakapelekwa Denmark, wakawa aina inayotambulika, yenye karatasi na mashindano. Jina lao la Kigiriama, khadzonzo, wafugaji wao hulieleza kuwa linahusu kufanana na gome la mti. Na kweli mabaka yao ya kahawia ni kama gome. Haya, tafuta picha zao. Kitambaa cha buluu. Meza ya majaji. Zulia. Jina lina mti, picha haina.

Wazo hilo la gome linanisumbua kwa uzuri. Fikiria picha ya paka mtini ambayo inabidi umtafute paka. Mti umejaa fremu nzima, na baada ya sekunde kumi unaona jicho. Kwenye skrini ya simu haitapata mioyo mingi, najua. Kidole hakina sekunde kumi.

Mtaniambia ni mti tu, kwani iko nini. Novemba 2020, barabara ya juu ikijengwa Nairobi, mugumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa umepangiwa kuondolewa. Watu walipiga kelele, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe. Miti mingine mingi ya njia hiyo haikupata amri. Leo ukitaka kuona ilivyokuwa, unategemea picha ambazo kwa bahati zilipigwa na mtu aliyekuwa akilenga kitu kingine: matatu, harusi, rafiki amesimama kivulini. Picha ya paka ingeweza kuwa mojawapo. Ile yenye ukungu haikuonyeshi hata ilikuwa mti gani.

Kuna wanaojua kufanya tofauti. Mjapani Mitsuaki Iwago amezunguka dunia akipiga paka wa mitaani, mara nyingi akiwa amelala chini kifudifudi, na kipindi chake cha NHK kilianza mwaka 2012. Katika filamu ya Kedi ya Ceyda Torun, ya mwaka 2016, Istanbul yote inapita kati ya miguu ya paka, na watu wanapewa nafasi ya kusema paka ni nani kwao. Kazi hizo mbili zinampa paka mtaa. Lakini zote mbili nguvu yake iko ardhini. Mti bado haujapata mtu wake, na sioni kwa nini asitoke huku kwetu, ambako tunajua kukaa chini ya mti saa nzima bila kuulizwa tunafanya nini.

Huyo mtu akitokea, nina ombi. Kucha za paka zimepinda kuelekea nyuma, kwa hiyo kupanda kwake ni mteremko, lakini kushuka ni balaa. Paka mwenye akili hushuka kinyumenyume: makalio mbele, mkia umevimba, anakumbatia shina kama mlevi anayekumbatia nguzo ya stima, anageuza shingo kuangalia bado ni futi ngapi. Ili uonyeshe hilo ni lazima uonyeshe shina zima na ardhi inayomngoja, pamoja na walioketi chini wakimcheka. Nimetafuta sana picha hiyo. Kila mtu huwa ameshaweka simu mfukoni.