Nafasi ya marehemu jukwaani: nani aishike, na kwa kipimo gani?

Kikundi cha michezo ya kuigiza kinapofiwa, heshima ya kwanza kinayotaka kumpa marehemu ni mchezo. Ndipo linapozuka swali gumu: nani atashika nafasi yake, na ajaribiwe kwa kipimo gani? Katika makala haya tunalijadili swali hilo kuhusu michezo ya Kiswahili ya hapa Lubumbashi.

Tuanze na mfano wa mbali, ili tofauti ionekane. Molière alifariki mjini Paris tarehe 17 Februari 1673, saa chache baada ya kuigiza nafasi ya Argan katika Le Malade imaginaire. Tarehe 3 Machi wenzake waliurudia mchezo huo, na La Thorillière ndiye aliyekuwa Argan. Wiki mbili zilitosha, kwani maneno ya Argan yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Mwigizaji alikufa, nafasi ikabaki kwenye karatasi.

Kwetu mambo huwa vingine. Katika Power and Performance (1990), Johannes Fabian anaeleza jinsi kikundi cha Mufwankolo kilivyotunga mchezo mwaka 1986 kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Tunawaona waigizaji wakibishana juu ya maana ya msemo huo, wakipanga mfuatano wa matukio, wakigawana nafasi na kufanya mazoezi. Maandishi ya kukariri hayakuwapo. Maneno yalizaliwa vinywani mwao, kila mmoja akimjibu mwenziwe. Maneno tunayoyasoma leo kitabuni ni kumbukumbu ya yaliyosemwa. Hayakuwa amri ya yatakayosemwa. Katika michezo ya namna hii, anapokufa mwigizaji, sehemu kubwa ya nafasi yake huzikwa pamoja naye.

Kwa sababu hiyo tunalikosoa jambo tulilolishuhudia katika majaribio ya mchezo mmoja wa kumkumbuka marehemu. Vijana waliokuja kuishindania nafasi yake walileta mwendo wake, kikohozi chake, hata namna alivyoinamisha kofia. Waamuzi, ambao wengi walikuwa rafiki zake, walicheka hadi machozi yakawatoka, na aliyefanana naye zaidi akasifiwa kuliko wote. Hatuwalaumu, msiba una haki yake. Lakini mwigizaji mkongwe alipombadilishia maneno ghafula, kijana yule alikwama. Alikuwa amemkariri mtu bila kujifunza kazi ya mtu huyo. Baadaye alipanda binti asiyefanana na marehemu kwa lolote. Alilidaka neno la mkongwe, akaligeuza, kisha akamwachia mwanya wa kuendelea. Watu hawakucheka sana, ila mchezo ulisonga mbele. Binti huyo hakuchaguliwa.

Kwa maoni yetu, huyo ndiye aliyemheshimu marehemu, maana alifanya kile ambacho marehemu mwenyewe alikuwa akikifanya kila jioni: kumsikiliza mwenziwe na kumjibu. Kikohozi kilikuwa pambo tu. Tena mwigaji humfunga marehemu katika siku moja, ilhali yeye alikuwa akibadilika kila alipopanda jukwaani.

Pengine tutaambiwa kwamba watazamaji huja kumwona yule waliyempenda, na kwamba mgeni atawakatisha tamaa. Hoja hiyo ina uzito. Basi na litengwe onyesho moja fupi la kumwiga, mwanzoni au mwishoni, na watu waambiwe wazi kuwa ni la ukumbusho. Mchezo wenyewe upewe mtu awezaye kuuendeleza. Wanaojaribiwa wasiulizwe kama wanaijua sauti ya marehemu. Wapewe msemo, wawekwe wawili wawili mbele ya wakongwe, na wasikilizwe wanavyojibu kwa Kiswahili chao wenyewe.

Swali lililo mbele ya waamuzi ni kama wanatafuta sura ya rafiki yao au wanatafuta kazi yake iendelee. Wakilikwepa swali hilo, watamzika mara mbili.